Mlango wa Ubongo

Hati ya mashtaka ilikuwa imeshachapwa, ilibaki sahihi tu. Mkuu wa kituo aliisukuma mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani baada ya kushiba.

"Saa nane mchana faili hili linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Nesi anakwenda nalo. Jaribio la kuua. Una neno?"

"Nina swali, mkuu."

"Nalijua. Saa ngapi."

Askari wawili waliokuwa mlangoni wakacheka chini kwa chini. Inspekta huyu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, kituo kizima kilimwita Mama Saa, maana hakuna shahidi aliyeketi mbele yake asiulizwe saa mara tatu. Jina lile halikumkera. Yeye husema binadamu ana ndugu, ana rafiki, ana deni la fadhila. Saa haina hata shemeji.

"Saa ngapi mgonjwa alichomwa sindano, na saa ngapi pumzi ilikatika?"

"Soma mwenyewe. Shahidi wetu ni mlinzi wa ghala. Kazi yake ni kuandika saa."

Mama Saa akasoma. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani mzee mwenye saratani ya mifupa, anayeuguzwa nyumbani. Jana yake nesi anayezungukia wagonjwa alifika kumchoma mofini, dawa ya maumivu makali. Mdogo wake mgonjwa, yule mlinzi, alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Sindano iliingia saa nne na dakika kumi. Saa nne na dakika kumi na mbili macho ya kaka yake yaligeuka na kifua kikanyamaza. Kisha nesi akamkandamiza kitu usoni. Mdogo mtu akatoka barabarani akipiga ukelele kwamba kaka yake anauawa. Mpaka askari wanafika, mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu nesi. Fundi alikuwa hai bado, hospitali, akipumua kwa kusaidiwa.

"Dakika mbili," alisema Mama Saa.

"Mbili tu. Ungetaka ushahidi gani ulio wazi kuliko huo?"

"Nipe hadi saa nane, mkuu."

"Saa nane kamili. Si na robo."

Nesi alikuwa ameketi chumba cha mahojiano, sare yake bado ina vumbi la magotini. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye kucha fupi na sauti iliyokauka.

"Sista, ulimchoma kiasi gani?"

"Robo ya bomba, afande. Nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Huwa nasukuma taratibu nikimwangalia mtu usoni. Nikaona mboni zake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kifua hakipandi. Nikachomoa."

"Shahidi anasema ulimziba pumzi."

"Ule ni mfuko wa kupumulisha! Nilimpumulisha mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Dakika ishirini na tano nimepiga magoti, mdogo wake mgonjwa ananivuta nywele huku nimeshika barakoa. Muulize kama hakunivuta."

Mama Saa akafunua ukurasa. "Kisanduku chako kimeandikwa vichupa sita vya mofini. Vizima ni vinne, ulichotumia ni kimoja. Cha sita kiko wapi?"

"Kilivunjika juzi."

"Mkuu anasema wote wanaoiba dawa husema kilivunjika."

"Basi mkuu afungue kile kisanduku cha manjano cha sindano zilizotumika. Vigae vimo, nimevifunga kwa pamba. Ila avae glavu, maana hasira haizuii kuchomwa."

Hapo Mama Saa nusura atabasamu. Alitoka, akavaa glavu mwenyewe. Chini kabisa ya kile kisanduku palikuwa na fundo la pamba, na ndani yake vigae na kipande cha lebo. Namba ilikuwa ileile ya kichupa kilichopotea. Njia ya wizi wa dawa, iliyompendeza mno mkuu wa kituo, ikaishia ukutani.

Aliporudi, nesi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kuna jambo hujaniambia," Mama Saa alisema.

"Lipo. Nilipomsalimia, macho yake yalikuwa mazito. Nikasema moyoni ni usingizi, maana alikesha akilia maumivu. Alinijibu kwamba inauma, nikaandaa sindano. Ningetazama mboni kwanza, nisingemchoma hata tone. Hilo ni kosa langu. Liandike."

"Nimeliandika."

Akalipigia mstari. Mwongo hupunguza kosa lake; huyu alikuwa anajiongezea. Na zaidi ya hilo, fundi alikuwa ameanza kuzama kabla sindano haijamgusa.

Stoo ya dawa ya hospitali ilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu chenye rafu hadi darini na meza moja iliyojaa mihuri. Mfamasia alikuwa mzee mfupi, mcheshi, wa wale ambao ukimuuliza njia ya kwenda sokoni atakueleza kwanza soko lilijengwa lini.

"Karibu, mama. Dakika mbili, ee? Nimesikia. Habari mbaya haina breki." Akavuta kiti. "Watu wengi hudhani dawa ikiingia damuni imeshafika ubongoni. Wapi! Damuni ni barabarani tu. Ubongo una mlango wake."

"Mlango gani?"

"Mishipa ya damu sehemu nyingi za mwili ina upenyo kati ya chembe hai na chembe hai. Hupitisha vitu kama chekeche. Lakini mishipa ya ubongo, Muumba aliishona mshono wa kubana, tundu halionekani. Alijua kilichomo ndani ni cha thamani. Kitakachotaka kuingia lazima kipite katikati ya chembe yenyewe, na ukuta wa chembe ni wa mafuta."

Alichukua bahasha ngumu ya kaki, akadondoshea tone la maji upande mmoja na tone la mafuta ya mashine upande wa pili.

"Tazama, usiniamini mimi."

Tone la maji lilikaa juu ya karatasi, mviringo, limejikunja kama mtu mwenye baridi. Tone la mafuta lilitanuka papo hapo. Mfamasia akaigeuza bahasha. Upande wa nyuma doa la mafuta lilikuwa limeshatokea, maji bado.

"Mofini inapenda maji kuliko mafuta, kwa hiyo mlangoni inachelewa. Na ikijitahidi kuingia, wako mabawabu: pampu ndogondogo kwenye ule ukuta, zinakamata baadhi yake na kuirudisha damuni. Itaingia, ndiyo, wala usiidharau, inaua ikizidi. Lakini itaingia kwa mwendo wake."

"Mwendo wa saa ngapi?"

"Ikipigwa mshipani, dalili za kwanza huja baada ya dakika kadhaa. Nguvu yake kamili ni robo saa, hata dakika ishirini. Sasa robo ya bomba, kwa mzee ambaye mwili wake umeshazoea dawa hizi, imkate pumzi kwa dakika mbili?" Akatikisa kichwa. "Hiyo mofini ilikuwa bado iko barazani inapiga hodi."

Mama Saa aliandika. Kisha akasimamisha kalamu. "Ipo dawa inayopita kama haya mafuta?"

"Fentanili. Ni jamii moja na mofini, jamii ya afyuni, lakini ndugu hawafanani mwendo. Hiyo mlangoni haisimami. Ikishakuwa damuni, dakika moja au mbili iko ndani, imefika mahali panapoamrisha mapafu yapumue."

"Nesi hakuwa nayo."

"Hakuwa nayo."

"Mgonjwa je?"

Mfamasia akavuta daftari la dawa, akapitisha kidole. "Anayo," alisema polepole. "Kiraka. Kinabandikwa kwenye ngozi begani, kinavuja kidogokidogo siku tatu. Alibadilishiwa juzi. Lakini, mama, kiraka si cha kasi. Mlango wa ubongo kwake uko wazi, ila foleni iko kwenye ngozi. Ngozi ndiyo inayoinyima."

"Na nini kinaweza kuivunja hiyo foleni?"

"Joto," alijibu, na ule ucheshi ukamtoka. "Homa kali. Chupa ya maji ya moto. Ngozi ikipata joto, mishipa yake hutanuka, na kiraka kinamwaga kwa saa moja kile ambacho kingetoa kwa muda mrefu."

"Alikuwa na homa?"

"Fomu ya mapokezi inasema hana."

"Hicho kiraka kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye bahasha juu ya rafu. Madaktari wa dharura walipompa fundi dawa ya kuzindua, alivuta pumzi, kisha akaanza kuzama tena. Ndipo walipomvua shati, wakakiona na kukibandua. Kiraka kilichotumika hurudishwa stoo, ndiyo kanuni. Hakuna aliyekitazama mara ya pili.

Mama Saa alikishika kwa koleo, akakipeleka dirishani, akasukuma miwani yake juu ya pua. Mgongo wa kiraka ulipaswa kuwa laini kama kucha. Haukuwa. Ulikuwa na mistari midogo iliyokatizana, nyuzi za kwenda na nyuzi za kurudi, kama alama ya mto kwenye shavu la mtu aliyelala sana. Pembe moja ilikuwa imelala bapa na inang'aa kuliko nyingine zote.

"Kitambaa," alisema.

"Shati lake labda."

"Shati halichapi namna hii, mzee wangu. Kitambaa hiki kilikandamizwa."

Nyumba ya fundi ilikuwa na chumba cha mbele kilichogeuzwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kupigia pasi, mashati yasiyo na mikono yakining'inia kwenye waya. Mke wa fundi alikuwa amerudi kutoka hospitali kuchukua shati safi la mumewe, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alikuwa analipiga pasi. Mtaa ulimwita Mama Kola. Mumewe alikata na kushona, yeye aliweka kola.

"Karibu, mwanangu. Utanisamehe, kiti kimejaa nguo. Hospitali wanasema bado anapumua. Nimesali mpaka maneno yameniishia, sasa namwita Mungu kwa jina tu."

"Anasikia hata hivyo, mama." Mama Saa akahamisha nguo, akaketi. Hakutoa daftari. "Nasikia kola zako hazibanduki."

"Miaka thelathini, haijarudi hata moja!"

"Siri ni nini?"

"Hakuna siri, ni mkono tu." Uso wa mama ulichangamka kidogo. Akachukua kola iliyokatwa na kipande cheupe kigumu chenye gundi upande mmoja. "Unalaza hiki humu ndani. Juu unaweka kitambaa chenye unyevu. Pasi isiwe kali, iwe ya vuguvugu. Unakandamiza, unahesabu thelathini. Usisugue! Wanafunzi wote hukosea hapo, wanasugua. Gundi inataka joto na subira."

"Na kiraka cha mzee nacho kilikuwa kinabanduka?"

"Ndiyo," alijibu moja kwa moja, bila hata kuinua macho. "Jasho la usiku. Pembe moja ilikuwa imeinuka. Na sista alituonya kisitoke kabla ya siku tatu. Sasa mimi nimuite binti wa watu kwa ajili ya pembe moja, na gundi ndiyo kazi yangu? Nikalaza kitambaa, nikapima pasi kwenye shavu langu kwanza nisije nikamuunguza, nikakandamiza. Kikashika vizuri."

"Mara moja?"

"Aa, yeye mwenyewe alisema lile joto tamu, mifupa inalegea, niongeze. Nikarudia, sijui mara nne, mara tano. Mume wangu hakulala usiku kucha, mwanangu. Ningemnyima?"

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Tatu na nusu, tumekwisha kunywa chai. Akaanza kusinzia. Nikasema, Mungu mkubwa, leo amepata usingizi. Halafu sista akaja..."

Pasi ilikuwa imesimama hewani. Mama Kola aliiangalia, akamwangalia mgeni, akairudisha taratibu kwenye kibao chake na kuchomoa waya ukutani.

"Mbona unanitazama hivyo?"

Mama Saa hakuwa mtu wa kuzunguka. "Kile kiraka kina dawa kali, mama. Joto liliisukuma yote damuni kwa pamoja, na dawa ile ikishakuwa damuni, ubongoni inafika upesi. Sista alipofika, mzee alikuwa ameshaanza kuzama. Sindano yake haikuwa na muda wa kufanya lolote."

"Basi ni mimi."

"Mkono ni wako. Nia haikuwa hiyo."

Mama Kola hakulia. Alikunja lile shati, akalitia kwenye mfuko, akajifunga mtandio. "Twende. Nifungeni mimi, yule binti mumwachie. Amelala sakafuni kwa kosa langu, na mimi hapa nanyoosha shati."

"Saa saba na dakika thelathini na tano," Mama Saa alisema, akisimama. "Tutembee haraka."

Mkuu wa kituo alikuwa ameshavua kifuniko cha kalamu. Alisikiliza kwa kujikunyata, kama mtu anayesubiri meno yang'olewe.

"Shahidi wangu je? Mlinzi wa ghala, saa mkononi?"

"Ndiye anayemwokoa nesi. Angesema 'baadaye kidogo', tungebishana mpaka kiama. Yeye amesema dakika mbili, na dakika mbili mofini haiwezi."

"Hayo ni maneno ya mzee wa stoo."

"Na kiraka chenye alama ya kitambaa. Na maelezo ya mama huyu, aliyoyatoa bila kusukumwa. Na maabara ya hospitali, ukitaka kupiga simu. Walichukua damu mgonjwa alipofikishwa."

Mkuu alipiga. Alisema "ndiyo" mara tano, ya tano ikiwa ndogo kuliko zote, akaweka simu chini.

"Mofini kidogo mno. Fentanili imejaa." Alikuna kidevu. "Na huyu mama nimfanye nini? Sheria inataka jina la mtu."

"Sheria inataka nia, mkuu. Andika ajali ya nyumbani. Na chini yake andika kwamba karatasi ya maelezo ya kiraka ina maandishi madogo kama chawa, kwa lugha ambayo mama huyu hakusomeshwa. Mtu aambiwe kwa mdomo: usitie joto. Pasi itajwe kwa jina lake."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Akaichukua hati ya mashtaka, akaichana vipande viwili, halafu, kwa kuwa hakupenda kufanya jambo nusu, vinne.

Nesi alitolewa. Mama Kola alimsogelea akitaka kupiga magoti, nesi akamdaka viwiko kabla hajafika chini.

"Usinipigie magoti, mama. Nilikwambia kisitoke. Sikukwambia kikitaka kutoka ufanyeje." Akamgeukia Mama Saa. "Nipelekeni hospitali."

"Hutaki kwenda kuoga kwanza? Kulala?"

"Nitalala nikimwona anavuta pumzi mwenyewe."

Walimkuta fundi ameegemezwa mto, bomba la hewa likiwa puani tu, macho yamefumbuka. Mdogo wake, yule mlinzi, alikuwa ameketi kando ya kitanda na sare yake ya kazi. Alipomwona nesi mlangoni alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mama Saa alimweleza kwa maneno machache: saa zake zilikuwa sahihi, hukumu yake haikuwa. Alisikiliza akiangalia viatu vyake.

Fundi alimtafuta mkewe kwa macho. "Mke wangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "jana umenipiga pasi?"

"Nisamehe, baba watoto."

"Hata mikunjo ya usoni haikutoka." Akapumua, akapumzika, akapumua tena. "Urudishe pesa ya mteja."

Mama Kola alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akaziba uso kwa lile shati safi. Nesi alikuwa ameshashika kifundo cha mkono wa mgonjwa, anahesabu. Alitoa mkanda mweupe wa plasta, akamwita Mama Kola, akaubandika nyuma ya kiganja cha mama huyo kuonyesha: pande nne, bila kuvuta, bila joto. Mama akaurudia mwenyewe, sawasawa, kama aliyezaliwa na ujuzi huo.

"Sista," mlinzi akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutamka neno tangu waingie. "Nina la kukwambia, lakini si hapa."

"Sema tu, shemeji. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Nilikuita muuaji barabarani, mtaa mzima unasikia. Nikikuomba radhi humu chumbani, nitakuwa nimekuibia." Akainama, akachukua begi la kazi la nesi. "Una wagonjwa wengine mtaani kwetu?"

"Watatu. Jana hawakuhudumiwa. Na sidhani kama watanifungulia mlango."

"Watafungua."

Mama Saa alifuatana nao, kwa kuwa kituo kilikuwa njia hiyohiyo, au ndivyo alivyosema. Jua lilikuwa bado juu. Watu walikuwa vibarazani, kinyozi kazini, wanawake wakianua nguo. Walipomwona nesi, mazungumzo yakakatika nyumba baada ya nyumba. Kuna mama mmoja alimvuta mwanawe ndani.

Mlinzi alikwenda mbele, begi begani, mpaka mlango wa kwanza. Hakubisha hodi ya kawaida. Alirudi nyuma hatua mbili, katikati ya barabara pale pale aliposimama jana, akavua kofia yake ya kazi, na kwa sauti ileile iliyoita askari akasema:

"Majirani! Tokeni mnisikie! Jana nilisema huyu dada anamuua kaka yangu. Nilisema uongo, bila kujua. Yeye ndiye aliyempumulia!"

Halafu, ndani ya ile nyumba ya kwanza, komeo likasogea.